Chambo cha Juu ya Maji

Baba alipopofuka hakuacha kuvua, alibadilisha chambo tu. Vyambo vyake vya kuzama aligawia majirani, akabaki na vitatu vya mbao vinavyoelea, alivyoachiwa na wageni wa kuvua kwa starehe enzi zile akiwaendeshea boti. Sangara akikipiga chambo kilicho juu ya maji, unamsikia. Masikio ya baba yalikuwa mazima.

Kila mwisho wa wiki nilitoka Mkolani kwenda kwa wazazi wangu, ziwani upande wa Magu, na alfajiri tulishuka hadi kwenye mawe: baba, mama na mimi. Baba alisikiliza maji kwanza. Yakiwa yametulia, alifunga kile chembamba kinachoyumba kushoto na kulia kama samaki aliyeumia. Upepo ukivuma, alitaka chenye mdomo wazi, kinachorusha maji kila kikivutwa. Cha tatu, chenye pangaboi mkiani, alikiita mpiga kelele, nacho kilitoka vingine vikishashindwa.

"Usivute kwa kusikia," alinifundisha. "Wenye pupa wakisikia mshindo tu wanavuta, wanamnyang'anya samaki mdomoni. Ngoja uzito."

Fimbo ya kutembelea aliikataa katakata. "Fimbo ni ya vipofu. Mimi nangoja dawa."

Dawa yenyewe ni matone aliyotiwa na mama asubuhi na jioni. Daktari alishatuambia, mama na mimi, kwamba matone yale ni ya kupunguza maumivu tu, macho hayarudi. Mama akanikataza kusema. Nilimkasirikia, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, ila sikuwa na neno jingine la kumpa baba badala ya lile la dawa.

Kisha gugumaji likaja, likajaza ghuba, ikabaki nafasi ndogo tu mbele ya mawe yetu. Wiki zikapita bila samaki kugonga. Baba akaanza kubakiza chakula, halafu akaanza kukawia kitandani.

"Asiposikia samaki, huyu tutamzika," mama aliniambia jikoni.

Jumamosi moja baba alifunga mpiga kelele. Akarusha, akavuta kidogo, akatulia. Nikamwona mama anainama, anaokota jiwe, analitupa karibu na chambo. Chubwi!

Baba hakuvuta. Alisimama na uzi kidoleni, midomo imefunguka kidogo, akingoja uzito. Alingoja mpaka viwimbi vikatufikia miguuni na maji yakatulia tena. Nilishindwa kumtazama usoni.

"Mama watoto," alisema polepole, "hilo ni jiwe."

"Nilitaka usikie kitu, mume wangu."

"Na matone? Nayo ni jiwe?"

Nilidhani mama atadanganya tena, na Mungu anisamehe, nilitamani adanganye.

"Ndiyo," akasema.

Baba alikunja uzi wote, akafungua chambo, akakifuta kwa shati lake na kunipa. Hakupandisha sauti. Laiti angefoka! Alinyoosha mkono hewani akimtafuta mama, naye mama, aliyekuwa analia tayari, akaushika.

"Mwanangu," baba akaniambia, "tukifika nyumbani, nikatie fimbo."