Miti ya Fedha ya Isaya

Mume wangu Isaya ni fundi wa maabara ya chuo kimoja hapa Mtwara, na kazi yake ni kuotesha miti. Si mikorosho. Anazamisha nyaya mbili kwenye maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya fedha, anapitisha umeme kidogo wa betri, na fedha inajitoa majini, inashika waya, inaota shina, matawi na vitawi vyembamba mno, hata unywele kwavyo ni gogo. Nilipochungulia kwenye hadubini mara ya kwanza, Isaya alinivuta mkono mara tatu ndipo nikampisha.

Tangu Juni miti hiyo ikawa inageuka myeusi. Alibadilisha maji, akabadilisha betri, akasugua glasi hadi nikalionea wivu sinki. Wapi. Mkuu wake akampa hadi Ijumaa: asipopata mti mweupe, meza anapewa mwenzake, naye anarudi stoo kugawa chaki.

Jumatano, tukila ugali, nikaona unjano kwenye kucha zake.

"Isaya, hiyo salfa unaingia nayo maabara?"

Tonge likabaki hewani. Tangu Juni, kila alfajiri alikuwa anapitia shambani Naliendele kumpulizia mama yangu, Mama Odete, mikorosho yake salfa ya kuzuia ukungu. Kwetu mkwe anapimwa shambani kwa mama mkwe, na yeye mtu wa Singida alitaka kuwapita waliozaliwa huku. Unga wa salfa ulimjaa nywele, kola hadi soksi, na salfa ikigusa fedha inaitia weusi.

Nikamwambia asiende tena. Akakataa katakata. Amwambie Mama Odete kwamba shamba lake linamharibia kazi? Bora stoo. Nilikasirika, nikamwondolea ugali.

Alhamisi, usiku ukiwa umembadilisha mawazo, alikwenda mwenyewe, kavaa shati la kanisani. Akasema kwa kigugumizi, bila kutaja sababu, kwamba asingeweza kuja kupuliza hadi Jumamosi.

"Haya, baba," mama akajibu, basi.

Ijumaa mchana akanipigia simu. Mti ulikuwa mweupe hadi nchani, na meza imebaki yake. Nilifurahi hadi nikaunguza mboga.

Jumamosi tukaenda Naliendele, Isaya akawahi kujitwika mashine ya kupulizia mgongoni, uso umejaa samahani. Mama akamvua, akaiingiza ndani.

"Wewe baki na hiyo miti yako ya fedha, mkwe wangu," akasema. "Hii ya kwangu, tangu Juni, kila ukiondoka nilikuwa naipuliza upya."