Bakuli Lililokwenda na Treni

Nilikuwa nauza matobolwa stesheni ya Tura, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa. Mimi niliyapika tena kwa karanga za kutwanga. Abiria waliyala dirishani, katika bakuli langu. Treni ikiondoka kabla hawajamaliza, bakuli liliondoka nayo, nami sikuhangaika. Mhudumu wa treni alilirudisha safari ya kurudi, akiita, "Wa matobolwa!" Sisi wauzaji tulikuwa na sharti moja: bakuli la mwenzio hulipokei, maana ukilipokea unamchukulia wateja wanaolijua. Tuligombana sana kabla ya kukubaliana, na mwenye mdomo kuliko wote nilikuwa mimi.

Bakuli nililolipenda lilikuwa jeupe, la bati, lenye ukingo wa buluu. Mama alinipa nilipoolewa, akafariki mwaka uleule. Siku moja likaenda na treni ya Kigoma. Kabla halijarudi, lori likaja kutuhamishia kijiji cha ujamaa. Nikamwomba balozi wa nyumba kumi atusubirie siku mbili tu.

"Mama, taifa zima lingoje bakuli?"

Watu wakacheka. Mpaka leo sijamsamehe.

Sikatai, kijijini tulipata kisima na shule. Lakini honi ya treni haikufika kule, na mimi nilizoea kuinjika chungu kwa kuisikia. Nilipotaka kwenda Tura na kapu langu, nikaambiwa huo ni ulanguzi. Ulanguzi wa viazi! Nilitamani, nasema kweli, kuitwa "wa matobolwa" hata mara moja.

Miaka ilipita ndipo nikafika tena Tura. Mwenzangu wa zamani, mke wa mfanyakazi wa reli, alikuwa bado palepale na karanga zake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu! Ni wewe?"

Tulikumbatiana, tukalia. Kisha nikamuuliza habari za bakuli.

"Lilikuja. Lilikuja safari nne. Mhudumu anaita weee, halafu ananinyooshea mimi."

"Ukalipokea?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Nilipokeeje, na sharti ulilipigania mwenyewe?"

Treni ya kutoka Kigoma ilipoingia, nilisogea karibu na madirisha, mwanamke mzima, mikono mitupu, nikasikiliza kama kuna atakayeita.