Hatua Sita Mpaka kwenye Gari

Usiku ule nililala nikijipongeza. Michoro yangu ya kukarabati kituo cha zimamoto cha mjini kwetu ilikuwa mezani, asubuhi naipeleka ikapitishwe. Ni kituo kilekile alichofanyia kazi marehemu baba yangu mpaka akastaafu. Nilitaka kipendeze kuliko benki.

Mara nikajikuta kwenye kituo hicho kama kilivyokuwa zamani, niko darasa la tatu, nimebeba hotipoti ya chakula cha baba. Harufu ni ileile, ya mipira ya maji iliyoanikwa na chai ya tangawizi. Jamani, nilivyopakumbuka pale! Baba amekaa kitandani na fulana yake iliyotoboka. Mabuti yako sakafuni, suruali ya kazi imeshushwa juu yake, ili akiitwa atumbukize miguu tu. Hatua sita kutoka kitandani, gari jekundu.

"Shikamoo, baba."

Anatabasamu tu. Nataka kumwambia nimemkumbuka mno, kengele inalia. Baba anavuta suruali, anakimbia.

Lakini sasa tumo ndani ya jengo langu, lile la kwenye michoro, na mimi ni mtu mzima namfuata mbio. Chumba cha askari nilikuwa nimekipeleka ghorofani, kule nyuma, ili ofisi ya mkuu ikae mbele. Baba anateleza kwenye vigae. Anafungua mlango, ukumbi wa mikutano. Anashuka ngazi, zinapinda, zinapinda tena. Anafungua mwingine, ofisi ya mkuu na masofa yake. Nje kuna mayowe, mwanamke anamwita mwanawe aliye ndani ya moto. Sijawahi kumwona baba akihema vile.

Akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mama, gari umeliweka wapi?"

Nikageuka huku na huku kulitafuta. Mimi niliyelichora jengo!

Nikaamka mto umelowa machozi, kumekucha. Hata uso sijanawa, nikampigia bosi wangu.

"Bosi, michoro siileti leo."

"Wewe dada, una wazimu? Mkuu wa kituo anaisubiri, na ile ofisi ameshaisifia mpaka basi!"

"Ofisi yake inapanda juu. Pale mbele watalala askari, mlango mmoja tu mpaka kwenye gari."

"Nani kakwambia?"

"Baba."

"Baba yako si marehemu?"

"Ndiyo. Amekuja kukagua."

Akaniuliza nahitaji siku ngapi.