Kuku wa Saa Nane

Pale machinjioni walimwita Mama Vipimo, na jina hilo alilivaa kama koti jipya. Kwa miaka kumi na mitatu kazi yake ilikuwa kupima kuku waliokwisha kuchinjwa, kunyonyolewa na kutolewa matumbo, wanapotoka kwenye tangi kubwa la maji ya barafu. Kila baada ya saa mbili alimchukua mmoja yeyote atakayemwangukia mkononi, akampangusa kwa kijiti cha pamba chini ya mabawa na shingoni, akakitia kijiti kwenye chupa na kuandika saa. Kisha alizamisha kipimajoto tangini na kuandika ubaridi wa maji. Kuku watano kwa siku. Jioni chupa zilikwenda maabara, chumba kidogo upande wa pili wa ua, zikatafutwe bakteria wa kuharisha.

Alikuwa mkali. Ukigusa pua ukiwa umevaa glavu, utamsikia kutoka mwisho wa ukumbi: "We! Hiyo pua yako inauzwa pamoja na kuku?" Watu walicheka, lakini glavu walibadilisha.

Sasa, siku moja ya Alhamisi alikuwa na miadi saluni. Jumamosi familia nzima ingepiga picha ya pamoja, na msusi wake alikuwa na nafasi mchana ule tu. Angeweza kuomba ruhusa. Hakuomba, kwa kuwa aliona jambo lenyewe dogo mno. Saa mbili asubuhi alichukua kuku watano kwa mkupuo mmoja, akawapangusa wote, na kwenye chupa akaandika saa tano tofauti: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Ubaridi wa maji akaujaza mpaka jioni, nyuzi mbili, nyuzi mbili, nyuzi mbili. Saa sita akatoka kwa mlango wa nyuma.

Saa saba mashine ya barafu ikazima. Fundi alihangaika nayo, na wafanyakazi, kwa kuwa oda zilikuwa zinasubiri, waliendelea kutumbukiza kuku kwenye maji yaliyozidi kupata uvuguvugu na kuwa mazito kama maji ya kuoshea vyombo. Hakukuwa na wa kuwasimamisha. Mwenye kipimajoto alikuwa ameketi chini ya mikono ya msusi, akisinzia.

Ijumaa asubuhi alisikia habari za mashine. Kuku wa mchana walikuwa wamekwishapakiwa, wengine wako vyumba vya baridi, wengine njiani. Bado angeweza kusema. Akajiambia klorini ya kuua vijidudu si ilikuwamo majini, na wapishi si watawapika? Akaenda kuvaa aproni yake.

Jumanne shule ya msingi iliyo mtaa wa jirani, iliyonunua kuku wao, ikajaa watoto wanaoshika matumbo. Watoto arobaini na mmoja, sita wakalazwa na kutundikiwa dripu. Na mpishi mkuu wa shule ile alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, yule yule aliyemlelea binti yake wa kwanza miaka miwili ili yeye apate kuanza kazi machinjioni.

Bwana afya alifika shuleni akiwa na daftari. Akakuta maji ya kuku yalikuwa yamevuja kwenye friji na kudondokea kabichi iliyoliwa mbichi. Machinjioni wakatoa karatasi zao: chupa tano, zote safi. Basi ikawa uchafu umetoka jikoni. Wifi akasimamishwa kazi, na wazazi wakaanza kumwita Mama Tumbo hadi njiani.

Jioni ya Jumatano mume wa Mama Vipimo alimwambia waende kumpa pole dadaye. Walimkuta jikoni kwake akisugua meza ambayo tayari ilikuwa safi. Hakuinua uso.

"Wifi," alisema, "mimi kusoma karatasi zenu sijui. Nakuuliza wewe kwa kuwa wewe ndiye unayewapima. Wale kuku walikuwa wazima?"

Mume akamgeukia mkewe.

"Karatasi zinasema walikuwa safi, wifi."

"Basi ni mimi," yule mwanamke alisema, akaketi kwenye kigoda. "Miaka yote hii. Basi mikono yangu ndiyo imezeeka."

Chai iliyoletwa Mama Vipimo aliiacha mezani. Njiani mumewe alimsifu kwa kuwa hakupindisha ukweli kwa ajili ya ndugu. Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi.

Kesho yake, kabla hajavaa hata buti, alivuka ua hadi maabara. Mtaalamu wa maabara, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alikuwa anapanga visahani vyake.

"Zile chupa za Alhamisi," Mama Vipimo alisema akiwa bado mlangoni. "Zote tano ni za saa mbili asubuhi. Mchana sikuwepo."

Mtu yule aliweka kisahani chini taratibu. "Ulikuwa wapi?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Laiti angekuwa na mgonjwa, au msiba. "Nilikwenda kusuka."

Hakumkemea. Alitazama nywele zile, bado zinang'aa mafuta, kisha akatazama pembeni kana kwamba amemkuta hana nguo. Akachukua vijiti vyake, akaenda chumba cha baridi kupangusa kuku wa Alhamisi mchana waliobaki. Siku chache baadaye visahani vilikuwa vimeota madoa yenye kiini cheusi, alama ya bakteria wale wa kuharisha. Kati ya kuku kumi, saba walikuwa nao. Hospitali ikathibitisha ni bakteria wa aina ile ile waliotoka kwa watoto.

Machinjio yalifungwa wiki mbili, kuku wakarudishwa kutoka kila duka na kufukiwa. Meneja aliandika barua ya kumsafisha mpishi, lakini Bwana afya alimwambia Mama Vipimo, "Barua itakwenda shuleni. Kwa wifi yako nenda mwenyewe."

Alikwenda. Alisimulia yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakuambiwa aketi.

"Nilikuuliza," wifi alisema. "Nilikuuliza humu humu, mbele ya ndugu yangu. Ukaniacha nikaiona mikono yangu michafu."

"Nisamehe, wifi."

"Kabichi niliiweka vibaya, hilo langu, nitalibeba. Lako usinibebeshe tena."

Watoto wote walipona, na wifi akarudi jikoni shuleni, ambako kabichi sasa inakaa rafu ya juu kabisa. Machinjioni wakafunga kipimajoto kinachojiandikia chenyewe, na chupa husainiwa na watu wawili. Mama Vipimo hakufukuzwa. Alihamishiwa kuosha makreti, nje, kwa bomba la maji ya moto. Mtu akigusa pua ndani ya ukumbi, yeye humwona kupitia dirisha na kuinamisha kichwa, kwa kuwa kinywa cha kukemea hana tena.

Jumapili hupita kwa wifi yake. Wifi hufungua mlango, humpa kiti. Ila neno "wifi" halijamtoka tangu siku ile. Humwita "mama", kama mtu anavyomwita mteja asiyemjua. Mama Vipimo huitika, hukaa nusu saa, husaidia kumenya kinachomenywa, kisha huaga. Mumewe humuuliza kama leo wamezungumza.

"Tumezungumza," hujibu. "Ameniuliza kama mvua imenikuta njiani."