Rasta kwenye Maabara ya Ubongo

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa pili wa kusomea ubongo katika chuo kikuu kimoja cha umma London, niliweza kumaliza wiki nzima bila kuguswa na mtu. Kwenye treni watu hukubana, lakini huko si kuguswa. Ndiyo maana Jumamosi moja nilikwenda Peckham kusukwa rasta, ingawa nywele zangu hazikuwa mbaya kiasi hicho. Msusi alikuwa mama wa Kikongo. Alikiegemeza kichwa changu tumboni mwake, akaniuliza, "Mwanangu, huku unaishi na nani?" Nikamwambia peke yangu. "Pole," akasema, na kwa saa sita nikawa mtoto wa mtu.

Jumatatu mwalimu wa maabara alinitazama kichwa, akatikisa chake. Alhamisi ilikuwa zamu yangu kupimwa mawimbi ya ubongo, na vile vidude vya kupimia sharti vigandishwe kwenye ngozi ya kichwa. Nisingepimika, mimi na mwenzangu wa zoezi tungekosa alama, nami sikuwa na alama za kuchezea. Nikianguka tena, narudi Nakuru. Msomi mzima wa ubongo, nilisahau kwamba ubongo una nywele juu yake.

Kwetu kufumua ni kazi ya mikono mingi: dada huku, shangazi kule, umbea katikati. Chumbani mwangu ilikuwa mikono miwili tu na kitana. Alhamisi ilipofika, kisogo chote kilikuwa bado kimesukwa, na mabega yalikuwa yananiuma.

Mwenzangu alikuwa msichana wa Kiingereza ambaye tangu Oktoba hatukuwa tumevuka salamu. Alikiona kisogo, akavuta kiti. "Nionyeshe," akasema. Nikamfumulia rasta moja aone. Zilizobaki akafumua yeye, polepole, akiniomba radhi kila alipovuta, wala hakuwa akiniumiza. Machozi yakanitoka, nikasingizia mafua.

Mashine ilipowashwa, mistari ilivurugika, maana kupepesa macho huharibu kipimo. Akaniambia nifumbe macho, nifikirie kitu cha kunituliza. Sikuhitaji kutafuta mbali. Vidole vyake vilikuwa bado kichwani mwangu, vimeshikilia waya. Mistari ikatulia, tukapata alama zetu.

Alivibandua vile vidude, akanawa mikono, akasema tutaonana wiki ijayo, akaenda kula na wenzake. Nilibaki kitini, gundi kichwani, nikijionea haya. Muda wote ule nilikuwa nikiomba kimoyomoyo kipimo kiharibike, ili aanze upya.