Maswali Ambayo Mdogo Wangu Hakuyajibu

Ripoti za shule za mdogo wangu nilikuwa nikizisoma mara mbili. Mara ya kwanza mbele yake, haraka haraka, kisha namwambia "Vyema" na kumpa mkono. Mara ya pili nazisoma peke yangu kazini Marereni, saa ya mapumziko, nimekaa juu ya gunia la chumvi. Nilizibeba ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu jasho la pale hula karatasi. Wa kwanza. Wa kwanza. Wa pili, muhula ule alioshikwa na malaria. Wa kwanza.

Mimi niliishia kidato cha pili. Mama alifariki, na miezi saba baadaye baba akamfuata, tukabaki watoto wanne katika nyumba yetu ya Mambrui. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu huyu tisa, na nyuma yake wadogo wawili. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja tu nilivaa suruali ya baba badala ya kaptura ya shule, nikapanda lori la wafanyakazi wa chumvi.

Mdogo wangu alipokuwa kidato cha sita, mwalimu wake wa hisabati alituita nyumbani kwake Malindi wakati wa likizo. Mwalimu huyo alikuwa amesoma Marekani ujanani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, karibuni. Bwana mkubwa, huyu mdogo wako nataka tumpeleke mbali."

"Mbali kama Nairobi?"

"Nairobi ataitwa tu, hilo halina shaka. Nasema mbali."

Akatandaza mezani vitabu vitatu vya picha, kila kimoja cha chuo chake. Alisema hivyo ni vyuo ambavyo hata watoto wa matajiri wa kule huvililia wasivipate. Mwanafunzi wa mbali wakimpenda, humgharamia kila kitu. Walichotaka ni ripoti za shule, barua za walimu, insha, na mtihani mmoja wa kwao unaofanyiwa Mombasa. Maswali yake yalikuwa ya kuchagua jibu na kuliwekea alama kwa penseli.

"Kuweka alama tu?" niliuliza.

"Tu."

Nilikiazima kitabu kimoja nikaenda nacho nyumbani. Majengo yake hayakunishughulisha. Nilitazama picha ya kijana aliyelala chali juu ya nyasi mchana kweupe, kitabu juu ya uso, na hapana msimamizi wa kumwuliza kazi imefika wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilimwonea wivu mtu wa kwenye karatasi. Tangu hapo nilitaka mdogo wangu aende kule kwa namna ambayo sikuwahi kutaka kitu kingine chochote, wala sikumwambia mtu.

Shangazi yetu alizipata habari akaja mbio.

"Mwanamwali unampeleka Ulaya?"

"Marekani, shangazi."

"Si baridi ile ile? Wenzako wanawatafutia dada zao waume, wewe unamtafutia ndege!"

"Ndege haina mama mkwe, shangazi," mdogo wangu alidakia kutoka jikoni.

Shangazi alicheka bila kupenda. "Ulimi huo kakako ameutia chumvi nyingi."

Mtihani aliufanya mwezi wa Desemba. Aliporudi kutoka Mombasa nilimpokea mkoba nikamwuliza kabla hajakaa.

"Hisabati niliimaliza, nikairudia," alisema.

"Na ile ya lugha?"

"Kaka, waliniuliza uhusiano wa vitu viwili ambavyo sijapata kuviona hata kimoja."

Tukacheka. Sikujua kwamba kicheko kile kilikuwa na habari ndani yake.

Matokeo yalifika mwisho wa Januari, tukayapeleka kwa mwalimu. Alama za hisabati zilikuwa nzuri. Za lugha zilikuwa chini, chini sana, hata mwalimu akaigeuza karatasi kuona kama upande wa pili una maandishi mengine.

"Mangapi uliyaacha bila kujibu?"

"Mengi."

"Muda ulikwisha?"

"La. Muda ulibaki."

"Sasa?"

"Sikuwa na hakika nayo."

Mwalimu alivua miwani. "Mwanangu, katika majibu matano ukiweza kuondoa mawili, unachagua katika yaliyobaki. Kila mtu anabahatisha. Hilo sikukwambia kwa sababu sikudhani kuna mtu wa kuambiwa!"

Mdogo wangu hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi.

"Kwetu hatubahatishi," alisema.

Ile ilikuwa sheria yangu. Mwaka wa kwanza baada ya baba kufa, shangazi alikuja siku moja mimi nikiwa kazini, akamkuta mdogo wangu anatoka chuo cha Kurani na msahafu wake mkononi. Akamwuliza kama wadogo zake wamekula mchana. Hakuwepo nyumbani mchana, hakujua, lakini mtoto wa miaka tisa akiulizwa na mkubwa huona haya kukosa jibu. Akasema hawakula. Walikuwa wamekula muhogo niliouacha chunguni. Shangazi, kwa huruma yake, akamchukua kitinda mimba wetu kwenda kumlea kwake, na ilinichukua miezi mitatu kumrudisha. Siku mtoto aliporudi niliwaketisha wote watatu. Niliwaambia: mtu akiwauliza msilolijua, semeni hamjui, au nyamazeni. Asiwepo wa kubahatisha katika nyumba hii. Niliirudia sheria hiyo mwaka baada ya mwaka, nikijisifu moyoni kwamba nalea watu wa kuaminika. Na kweli waliaminika. Mwenye duka alikuwa akimwuliza mdogo wangu jambo badala ya kuwauliza watu wazima.

Nilimwuliza mwalimu kama mtihani unaweza kurudiwa. Alisema unarudiwa, lakini siku za maombi zingekuwa zimekwisha. Kilichobaki ni fomu ya mwisho, yenye ukurasa wa mzazi au mlezi kusema anachotaka kusema kuhusu mtoto. Palipoulizwa elimu ya baba na ya mama tulikuwa tumeandika "marehemu". Ukurasa wa mlezi ulikuwa mtupu.

"Nitakuandikia," mwalimu alisema. "Wewe nieleze tu kwa Kiswahili."

"Nitaandika mwenyewe."

Niliandika kwa siku nne, kwa Kiingereza cha kidato cha pili na kamusi ya mdogo wangu. Nilieleza habari ya muhogo na ya mtoto aliyechukuliwa. Nilisema kwamba maswali yale hakuyaacha kwa ujinga, aliyaacha kwa sababu yangu, na kwamba kama kuna wa kupunguziwa alama basi ni mimi. Nilisema ripoti zake za miaka sita zinaonyesha anavyojibu akiwa anajua. Mwalimu aliisoma barua yote amesimama.

"Kiingereza chako kina matege," alisema, "lakini kinatembea. Usibadilishe kitu."

Tulituma nakala tatu. Matokeo ya kidato cha sita yakatoka, naye alikuwa amepasua. Watu wakaja kumpongeza, shangazi akaleta halua, na kila aliyenipa mkono nilimshukuru huku nikifikiria sanduku la posta. Ikifika siku ya barua kuletwa, nilikuwa nikishuka kwenye lori mbele ya posta na kumalizia njia kwa miguu, nguo zangu nyeupe kwa chumvi. Karani alinizoea. Akiniona mlangoni tu hutikisa kichwa kuniepusha na foleni.

Aprili vyuo viwili vilijibu kwa siku moja, na vyote vilikataa. Cha tatu kiliandika kwamba wamemweka katika orodha ya wanaongoja, na chini ya maneno ya mashine mtu alikuwa ameongeza kwa mkono kuwa barua ya kaka yake imesomwa na wote. Sentensi hiyo moja iliniweka hai miezi mitatu. Nikikwangua chumvi naitafsiri. Wameisoma. Wote. Kwa nini waisome wote kama hawamtaki?

Julai walituandikia kwamba nafasi hazikupatikana.

Mdogo wangu aliisoma barua mlangoni, akaikunja, akaenda kutia nazi katika wali. Niliketi ukumbini bila kuvua viatu. Baada ya muda alitoka, mikono ina tui.

"Kaka, niliyekataliwa ni mimi. Mbona uliyenuna ni wewe?"

"Nilikuharibia."

"Hukuniharibia. Mimi sipendi kuweka alama kwenye nisilolijua, hata leo wakinirudishia karatasi ile." Kisha akasema polepole, "Wewe ndiye uliyetaka kwenda."

Alirudi jikoni akaniacha na neno hilo, na nilimshukuru kwa kutolirudia.

Siku ya kuripoti chuoni Nairobi nilimsindikiza. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Ndani ya ukumbi mkubwa kulikuwa na foleni ndefu ya vijana wenye masanduku, nasi tukasimama, yeye mbele, mimi nyuma na sanduku lake. Walizungumza kwa sauti kubwa, wakiulizana kozi, wakichekana lafudhi za kwao. Mmoja aliniomba kalamu. Mwingine aliniuliza nimesoma shule gani, nikamtajia ile niliyoiacha, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika na jibu.

Mdogo wangu alipomaliza kujaza fomu yake akasogea pembeni. Karani, mama mmoja mwenye sweta ya kijani, alinisukumia fomu bila kuinua macho.

"Jina lako kamili."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ile karatasi ilikuwa na mstari wa jina, mstari wa shule, na visanduku vya kozi, na vyote vilikuwa vitupu. Nadhani nilikawia, kwa sababu aliinua macho.

"Mimi nimemsindikiza tu mdogo wangu," nikasema.

"Basi tupishe, bwana," alisema, wala si kwa ukali. "Wenzako wanangoja."

Nilijitoa kwenye foleni nikasimama karibu na dirisha. Wenzako, alisema. Niliendelea kuwatazama, mmoja mmoja wakiinama kuandika majina yao, mpaka mdogo wangu akaja kunishika mkono kuniambia kwamba ameonyeshwa chumba chake, twende tukakione.