Salamu Niliyomnyima Mama Mkubwa

Mama mkubwa alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, msimu wa kuvuna alizeti. Muda wote kidonda kilipokuwa kinaoza, mimi nilikuwa nampita nyumbani kwake kila asubuhi, nimevaa raba, ninamwombea. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma bure.

Mambo yalianza na presha. Nesi mmoja hapa Nduguti alinipima mara mbili, akatikisa kichwa. "Mwalimu, ukiendelea kukaa hivi utaanguka darasani. Tembea. Tembea haraka mpaka utoke jasho." Nilikuwa na miaka arobaini na saba, na ukweli ni kwamba uchovu wangu haukuwa wa mwili tu. Kanisani nilikuwa naenda, kwaya nilikuwa naimba, lakini sala zangu zilikuwa kavu. Nilikuwa nikipiga magoti usiku nasinzia kabla ya amina.

Kutembea kuliniponya, sitasema uongo. Niliigawa kwa sala barabara ya vumbi iendayo mlimani. Kutoka nyumbani hadi mashine ya kusaga nilishukuru. Kutoka mashineni hadi kalavati nilitubu, na hapo mara nyingi nilipunguza mwendo maana orodha ilikuwa ndefu. Kutoka kalavati hadi kwa mama mkubwa niliwaombea wagonjwa na wazee. Kisha mlima. Kule juu kwenye majabali sikusema kitu, nilisimama tu, jua linachomoza, moyo unadunda, nikajua kwamba kuna anayenisikia. Miaka yote niliyokaa kwenye benchi la kanisa sikuwahi kulijua hilo.

Tatizo lilikuwa salamu. Kwetu salamu si neno moja. Ukimpa mkubwa shikamoo anaitika marahaba, halafu anauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mifugo hata kama huna kuku, na wewe unamuuliza zake moja moja. Kila jibu ni nzuri. Hata mwenye homa anasema nzuri. Ni mwishoni kabisa, mmeshamaliza, ndipo anapovuta pumzi na kusema "ila," na baada ya hiyo ila unasikia kilichopo: ng'ombe amekufa, mtoto kaacha shule, kifua kinabana. Kumwagia mtu shida kabla ya salamu ni kukosa adabu. Na kumpigia kelele ya shida mtu aliyekwisha kukupa mgongo, hakuna mzee wa Kinyiramba atakayefanya hivyo.

Mimi nikaona salamu zinanivurugia sala. Niko katikati ya toba, mara mzee fulani ananiuliza habari za mbuzi. Nikakumbuka kwamba Yesu alipowatuma wale sabini aliwakataza kusalimiana na watu njiani, nikafurahi kupita kiasi. Nikajiwekea sheria: kwenda na kurudi, simwamkii mtu kwa mdomo. Nitanyoosha mkono tu.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka sita, na yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa jembe lake. Watoto wake wako mbali, kwa hiyo alikuwa anaishi peke yake. Siku ya kwanza nilipompita na mkono juu alikuwa anafagia uwanja. Akaacha ufagio. "We mwanangu, leo huamkii?" Nikaonyesha mbinguni kwa kidole, nikaendelea na safari. Nilijiona mtakatifu kweli kweli.

Zamani nilikuwa namtembelea kila Jumamosi. Nikaacha polepole. Kwa nini niende, na tunaonana kila siku?

Habari zikamfikia mchungaji. Jumapili moja akanisimamisha nitoe ushuhuda, nami nikautoa kwa mbwembwe zote: mashine, kalavati, mlima, ukimya. "Wapendwa," nikasema, "nikiwa njiani mimi ni wa Mungu peke yake, asinikatishe mtu." Kina mama wakapiga vigelegele. Mama mkubwa alikuwa benchi la nyuma, mguu mmoja ameuzungushia kanga. Niliiona ile kanga, nikadhani ni baridi. Wiki iliyofuata wanawake sita walijiunga nami, tukawa tunapita sote kimya, mikono juu.

Kuanzia hapo mama mkubwa alihamishia kigoda chake kando ya barabara. Kila asubuhi tulimkuta pale. Nilifikiri anatutakia baraka. Nilimnyooshea mkono, naye akanyoosha wake, na moyoni nilikuwa ninamtaja kwa jina: Bwana, mlinde, mpe afya.

Halafu kigoda kikabaki kitupu, siku tatu. Siku ya kwanza nilidhani amechelewa kuamka. Ya pili nilidhani ameenda shambani, kwani kila mtu alikuwa anavuna. Ya tatu sikudhani chochote, nilimwombea nikapita. Saa kumi jioni jirani yake, mzee Mwislamu anayefuga mbuzi ng'ambo ya korongo, akaja shuleni. Nikamwamkia, tukaulizana habari zote, nzuri, nzuri, nzuri. Kisha akasema, "Ila mama yako hanyanyuki, na chumba kinanuka."

Ulikuwa mwiba tu. Aliukanyaga shambani, na alikuwa na kisukari ambacho hakuna aliyejua kuwa anacho. Daktari aliniuliza kidonda kilianza lini. Nikakumbuka ile kanga, nikasema sijui. Akaniuliza kama tunakaa mbali. Nikamwambia tunaonana kila siku.

Baada ya mguu kukatwa nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini hakuniita hata kwa kelele.

"Ningekuambiaje, na hatujasalimiana?" Akavuta shuka. "Halafu uliwaambia watu kanisani usikatishwe. Nikasema basi, nitamngoja amalize na Mungu wake."

Nina hasira mpaka leo. Nina hasira na mchungaji aliyeniambia nisijilaumu, eti Mungu ana makusudi yake. Makusudi gani na mguu wa bibi wa miaka sabini na mitatu? Nina hasira na wale sita, ambao bado wanapita kimya. Lakini zaidi nina hasira na mimi, kwa sababu sala zile zilikuwa za kweli. Kama ningekuwa najifanya, ningetubu yakaisha. Sikuwa najifanya. Nilikutana na Mungu kule juu, na nikienda na nikirudi nilimpita mama yangu.

Sasa anaishi kwangu. Bado natembea, maana presha haijali majuto, na nasimama kwa kila mtu, mbuzi na yote. Nikifika mlimani jua limeshakuwa kali na sisikii kitu.

Hospitalini hakuonyesha hasira. Ilimjia huku nyumbani, asubuhi aliyotaka kuamka akafagie uwanja, akakumbuka mguu haupo. Tangu siku hiyo, kabla sijatoka, nasimama mlangoni kwake na kuinama. "Shikamoo, mama." Haitikii marahaba. Hasemi nzuri, wala hasemi ila. Ananyoosha mkono tu, kama nilivyokuwa nafanya mimi, kisha anageukia ukutani.